Viwanda kwa amri ya chama: Urusi ya Stalin na China ya Mao, bei na bidhaa

Mabishano ya viwanda huku kwetu huishia palepale. Mmoja atasema Stalin aliikuta Urusi inalima kwa plau la mbao akaiacha ina bomu la nyuklia, kwa hiyo nchi maskini inahitaji mtu mkali wa kuisukuma. Mwenzake atamjibu kwa idadi ya waliokufa. Mazungumzo yanafia hapo, kila upande umeshika ukweli wake na haukubali kuuachia. Kwa anayetaka kuchagua, swali lenye faida ni dogo zaidi: vile vifo vilikuwa bei ya vile viwanda, au vyote viwili vilitokea tu kwa wakati mmoja chini ya watu walewale?

Swali hilo linajibika, kwa sababu tunayo majaribio matatu ya kuweka ubavu kwa ubavu. La kwanza ni Urusi ya Kisovyeti kuanzia 1928 hadi vita. La pili ni China ya 1953 hadi 1957. La tatu ni China hiyohiyo kuanzia 1958, katika kile kilichoitwa Mruko Mkubwa Mbele. La pili na la tatu yana kiongozi mmoja, chama kimoja na wakulima walewale, lakini matokeo yake ni mbingu na ardhi.

| | Urusi 1928–1940 | China 1953–1957 | China 1958–1962 |
|---|---|---|---|
| Chuma cha pua kwa mwaka | tani milioni 4.3 hadi 18.3 | tani milioni 1.35 (1952) hadi 5.35 | tani milioni 5.35 (1957) hadi 6.67 |
| Mashine na ujuzi | vilinunuliwa Marekani na Ulaya | vilitoka Urusi | matanuri ya kijijini. Wataalamu wa Kirusi waliondoka 1960 |
| Vifo vya njaa | kati ya milioni 5 na 9 (1932–33) | hapakuwa na njaa ya aina hiyo | makadirio mengi ni milioni 15 hadi 45 |

Jedwali halisemi yote, hasa safu ya Urusi, kwa hiyo tukae nayo zaidi.

Urusi: kilichonunuliwa na kilicholipwa

Hilo plau la mbao linapotosha hesabu tangu mwanzo. Urusi ya mwaka 1913, chini ya mfalme wake, ilikuwa tayari miongoni mwa nchi tano zilizoongoza duniani kwa chuma cha pua, ikitoa tani milioni 4 na ushei. Reli ya kuelekea Siberia ilikuwepo. Makaa ya mawe ya Donbas yalikuwa yakichimbwa, na kiwanda cha Putilov pale St Petersburg kilikuwa na wafanyakazi kwa maelfu. Vita na mapinduzi vilibomoa mengi. Kisha ikaja Sera Mpya ya Uchumi ya mwaka 1921, iliyomruhusu mkulima kulipa kodi na kuuza kinachobaki, nayo ikairudisha nchi karibu na pale ilipokuwa. Mkulima wa Kirusi alikuwa maskini kweli, lakini nchi yake haikuanzia sifuri. Anayeifanya Urusi kielelezo cha nchi isiyo na hata tanuri moja la chuma analinganisha vitu visivyolingana.

Ukubwa wa kilichofuata hauna ubishi. Kando ya mlima wa Magnitnaya, katika nyika ya Ural, ulianza kujengwa mwaka 1929 mji mzima wa chuma, Magnitogorsk, na tanuri la kwanza likawashwa mwanzoni mwa 1932. Mwaka huohuo bwawa la umeme la mto Dnieper likaanza kazi. Stalingrad ilishapata kiwanda cha matrekta mwaka 1930, na Nizhny Novgorod ikapata kiwanda cha magari kwa mkataba na Ford. Hapo pana kichekesho chake: ramani za fahari hii ya ujamaa zilichorwa na mabepari. Magnitogorsk ulifuata mfano wa mji wa Gary, jimbo la Indiana, na usanifu wa kiwanda ulipewa kampuni ya McKee ya Cleveland. Kiwanda cha Stalingrad kilichorwa na ofisi ya Albert Kahn ya Detroit. Kule Dnieper mshauri alikuwa Hugh Cooper, mhandisi wa Kimarekani. Mdororo wa 1929 ulikuwa umekausha oda za kampuni hizo, zikawa tayari kumuuzia ujuzi yeyote mwenye fedha za kigeni.

Kwa raia wengi, faida zilionekana kwa macho. Watu wa mijini waliongezeka kutoka milioni 26 mwaka 1926 hadi milioni 56 mwaka 1939. Katika miaka hiyohiyo, waliojua kusoma miongoni mwa wenye umri wa miaka 9 hadi 49 walipanda kutoka asilimia 57 hivi hadi asilimia 87. Mwaka 1930 serikali ilitangaza kuwa ukosefu wa ajira umekwisha, wakati Berlin na New York watu walikuwa wanapanga foleni ya supu. Wanawake waliingia viwandani na vyuoni kwa mamilioni. Vijana waliotoka familia za wafanyakazi wakawa wahandisi, kisha viongozi: Leonid Brezhnev alimaliza chuo cha ufuaji chuma mwaka 1935, na Aleksei Kosygin alimaliza chuo cha nguo mwaka huohuo. Anayeshangaa kwa nini utawala ule ulidumu asiwatazame polisi wa siri peke yao. Kulikuwa na kizazi kizima ambacho mpango huo ulikipandisha ngazi, na hakikusahau.

Halafu kuna vita. Mwaka 1941, Wajerumani walipokuwa wanasonga, viwanda zaidi ya 1,500 vilifunguliwa nati kwa nati, vikapakiwa kwenye mabehewa na kupelekwa mashariki, ambako tayari kulikuwa na chuma, makaa ya mawe na umeme. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za watetezi wa Stalin, nami naikubali kuwa nzito. Naiongezea mawili tu. Jeshi la Kisovyeti lilisafiri kwa malori zaidi ya laki tatu yaliyotoka Marekani. Na Stalin huyohuyo, miaka ya 1937 na 1938, alikuwa amewamaliza makamanda wake wengi kwa mkono wake, hasara ambayo hakuna tani ya chuma iliyoifidia majira yale ya joto ya 1941.

Sasa malipo. Mwaka 1930 na 1931 watu wapatao milioni 1.8 walihamishwa kwa nguvu kwa kuitwa makulaki, yaani wakulima matajiri, ingawa wengi utajiri wao ulikuwa ng'ombe wawili watatu na farasi. Makumi ya maelfu yao waliletwa Magnitogorsk, wakaishi kwenye mahema katika baridi ya Ural. Waliobaki vijijini waliingizwa katika mashamba ya pamoja. Serikali, iliyokusanya nafaka tani milioni 10.8 mwaka 1928, ilikusanya tani milioni 22.8 mwaka 1931. Zaidi ya tani milioni 5 za mwaka huo ziliuzwa nje, katika soko la dunia ambalo bei yake ilikuwa imeporomoka. Maana yake, kila mashine iligharimu magunia mengi kuliko ilivyopangwa. Hata mwaka 1932, njaa ikiwa imeshabisha hodi, meli ziliendelea kupakia.

Ukraine, wakati huo sehemu ya dola hiyohiyo ya Kisovyeti kama Kazakhstan, ilizika watu kati ya milioni 3.5 na milioni 3.9. Kazakhstan, ambako wafugaji wa kuhamahama walinyang'anywa mifugo na kulazimishwa kutulia mahali pamoja, ilipoteza watu takribani milioni 1.5, zaidi ya theluthi ya Wakazakh wote. Mwishoni mwa 1932 ikaja pasi ya ndani ya kusafiria, na mkulima wa shamba la pamoja hakupewa. Mwezi uliofuata ikatoka amri ya kuwazuia wakulima wa Ukraine na Kuban, kusini mwa Urusi, wasitoke kwenda kutafuta chakula. Uamuzi wa kuwapa wakulima hao pasi kama raia wengine ulitolewa mwaka 1974 tu.

Je, mateso hayo ndiyo yaliyonunua Magnitogorsk? Hapa hata wanaomlaani Stalin hukubali haraka mno. Wakulima wengi walichinja mifugo yao kuliko kuikabidhi. Farasi, ambao ndio waliokuwa wakivuta plau, walishuka kutoka milioni 33 hivi mwaka 1928 hadi karibu nusu yake mwaka 1933, na ng'ombe vivyo hivyo. Kwa hiyo matrekta ya Stalingrad yalikwenda kwanza kuziba pengo la farasi waliokufa. Shamba lilipaswa kukilisha kiwanda, badala yake kiwanda kikawa kinalifidia shamba. Wanauchumi waliorudia hesabu za miaka ile, wakiwemo wa Kisovyeti wenyewe, hawakuona kwamba mashamba ya pamoja yaliongeza mtaji uliotoka kijijini kwenda mjini. Sehemu kubwa ilitoka mfukoni mwa mfanyakazi wa mjini. Thamani ya mshahara wake ilishuka sana hadi 1932, mkate aliupata kwa mgawo hadi 1935, na vodka aliyokunywa ilikuwa na kodi ndani yake. Nyingine ilitoka kwenye maduka ya Torgsin, ambako mtu mwenye njaa alipeleka pete yake ya ndoa akapewa unga, na dhahabu ile ikaenda kulipia mashine.

Upo pia mfereji wa kuunganisha Bahari Nyeupe na Baltiki. Una urefu wa kilomita 227, wafungwa waliuchimba kwa sururu na toroli kati ya 1931 na 1933, na maelfu walifia pale. Ulipokamilika, ulikuwa na kina kifupi kiasi kwamba meli kubwa hazikuweza kupita. Hata mtu aliyeamua kuwa mkatili wa hesabu na kupima kila kitu kwa tani hapati faida ya kuandika hapo.

China, mara ya kwanza

Mpango wa China wa 1953 hadi 1957 hausimuliwi sana, labda kwa sababu hauna mkasa. Urusi iliahidi miradi 156 mikubwa na kutuma wataalamu kwa maelfu. Viwanda vya chuma vya Anshan, vilivyoanzishwa na Wajapani, vikapanuliwa. Changchun ilitoa lori la kwanza la Jiefang mwezi Julai 1956. Mwaka 1957 daraja la Wuhan likavuka mto Yangtze, reli chini na barabara juu. Chuma cha pua kiliongezeka mara nne katika miaka mitano.

Asije mtu akadhani huu ulikuwa mpango wa malaika. Mikopo ya Urusi ililipwa kwa bidhaa, zikiwemo za mashambani. Tangu mwishoni mwa 1953 mkulima alilazimishwa kuiuzia serikali nafaka kwa bei iliyopangwa na serikali, na kufikia mwisho wa 1956 karibu wote walikuwa katika ushirika. Mageuzi ya ardhi yaliyotangulia, pamoja na kampeni dhidi ya "maadui wa mapinduzi", yaliua watu kwa malaki. Hata hivyo chakula kilibaki kijijini cha kutosha watu kuishi, mashine zilifungwa na watu waliojua kuzifunga, na ofisi ya takwimu ilikuwa bado inahesabu magunia yaliyopo. Kasi ilipangwa na ratiba ya mashine kutoka Urusi, na ratiba hiyo haikusikia kaulimbiu ya mtu.

China, mara ya pili

Novemba 1957, akiwa Moscow, Mao alitangaza kwamba China itaipita Uingereza kwa chuma katika miaka 15. Mwaka uliofuata lengo la mwaka likawa linapanda kila mkutano mpaka likatua kwenye tani milioni 10.7, mara mbili ya mwaka uliotangulia. Agosti ilipofika, lengo lilikuwa bado mbali. Ndipo watu wapatao milioni 90 wakaamriwa kuyeyusha chuma vijijini, katika matanuri ya udongo na matofali. Walitumbukiza sufuria, majembe na bawaba za milango. Sufuria hazikuhitajika tena majumbani, maana watu walikuwa wanakula katika mabwalo ya komuni, yaani vijiji vilivyounganishwa kulima na kuishi kwa pamoja. Misitu ilikatwa ili ipatikane kuni na mkaa. Mwisho wa mwaka ikatangazwa tani milioni 11.08, na wenyewe walikiri kwamba takribani milioni 3 kati ya hizo hazikufaa kwa kazi yoyote. Mavuno ya vuli ya 1958, yaliyokuwa mazuri, yalioza mashambani kwa sehemu kwa kukosa wavunaji.

Lakini matanuri si kilichoua zaidi. Kilichoua ni karatasi. Kila kiongozi wa komuni alishindana na jirani yake kutangaza mavuno, na hesabu ya taifa ikafika tani milioni 375 za nafaka wakati ukweli ulikuwa karibu milioni 200. Serikali ikachukua fungu lake kwa kufuata hesabu ya karatasi. Mwaka 1959 mavuno yalishuka hadi tani milioni 170, mwaka 1960 hadi milioni 143 na ushei, na bado mwaka 1959 zaidi ya tani milioni 4 ziliuzwa nje. Katika eneo la Xinyang, mkoa wa Henan, lenye wakazi milioni 8 hivi, watu wapatao milioni moja walikufa huku maghala ya serikali yakiwa na nafaka. Viongozi wa pale waliwapiga wakulima wakiwataka waonyeshe "nafaka iliyofichwa", wakafunga barabara na kuzuia barua za malalamiko zisifike Beijing.

Nafasi ya kusimama ilikuwepo. Julai 1959, kwenye mkutano wa Lushan, waziri wa ulinzi Peng Dehuai, aliyekuwa amekitembelea kijiji chake cha Hunan, alimwandikia Mao barua ya heshima akieleza hasara alizoziona. Alivuliwa cheo. Baada ya hapo nani angethubutu kuripoti gunia pungufu? Idadi kubwa ya vifo ilikuja baada ya Lushan. Njaa ya kabla yake mtu angeweza kuiita kosa la hesabu. Ile ya baadaye iliendelea kwa sababu aliyesahihisha hesabu aliadhibiwa.

Mwaka 1961 na 1962 serikali iliwarudisha vijijini watu wapatao milioni 20 iliyokuwa imewaleta mijini, na ikanunua ngano Kanada na Australia. Mwaka 1962 chuma cha pua kilikuwa tani milioni 6.67. Kwa hiyo miaka mitano na mamilioni ya makaburi viliongeza tani milioni moja na kidogo juu ya kile ambacho mpango wa kwanza ulikuwa umekiacha.

India, kwa haraka

Wapo watakaouliza kama ipo njia ya tatu. India ilianza kutoka sehemu iliyofanana na ya China, nayo ikajenga viwanda vya chuma vya serikali katika miaka ya 1950: Bhilai kwa msaada wa Urusi, Durgapur kwa Waingereza, Rourkela kwa Wajerumani. Ilikuwa na magazeti, wapinzani na uchaguzi, na haikuwa na njaa ya kiwango cha Henan. Ilikwenda polepole: mwaka 1970 ilitoa chuma cha pua tani milioni 6 hivi, China karibu milioni 18. Kibaya zaidi kwa India ni kwamba China iliipita kwa mbali katika kusomesha watoto na kurefusha maisha kufikia miaka ya 1970. Ushindi huo wa China tuutazame vizuri, kwa sababu ulitokana na chanjo, maji safi, wakunga, wahudumu wa afya wa vijijini na shule za msingi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichohitaji mkulima anyang'anywe chakula.

TAZARA ni ushahidi wa nini?

Kwa msomaji wa Tanzania na Zambia, mjadala huu una reli yake. Kati ya 1970 na 1975 China ilijenga kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi kwa mkopo usio na riba, na kabla yake kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1968. Nimewasikia watu wakiitaja TAZARA kama uthibitisho kwamba njia ya Mao ilifaa. Njia ipi? Nchi inayosafirisha vichwa vya treni, mataruma na wahandisi ng'ambo ya bahari ni ile iliyojenga viwanda vizito vya aina ya vile vya 1953, vikiwa na wataalamu, ramani na vipimo. Matanuri ya udongo ya 1958 yasingetoa hata pini ya kufungia reli ile.

Ukilazimika kuchagua

Kama hofu yako ni uvamizi, na adui yuko mpakani, Urusi ndiyo inayotoa matokeo unayoyataka katika miaka 12. Hata hapo, kilichozalisha vifaru ni mashine za kununua, shule na mishahara iliyobanwa. Njaa ya Ukraine na Kazakhstan haikuongeza kifaru, na kilimo hakikupona: kuanzia 1963 Moscow, iliyowahi kulisha Ulaya kwa ngano, ilikuwa inanunua nafaka kutoka Kanada na Marekani.

Kama hofu yako ni umaskini tu, bila vita mlangoni, kati ya yote matatu mimi ningechukua ule mpango wa China wa 1953, nikitoa ununuzi wa lazima na mauaji yaliyoutangulia. Kabla ya kuuchukua ningeuliza mashine zinatoka wapi na zinalipwa kwa kitu gani, maana China ilikuwa na jirani aliyekuwa tayari kutoa, na jirani wa namna hiyo hapatikani kwa kuomba. Ningeuliza pia yule wa wilayani anayeleta habari kwamba mavuno ni nusu ya lengo anarudi ofisini kwake au anapelekwa kambini. Mruko Mkubwa usingehitaji mchumi wa kuuchambua kama swali hilo moja lingekuwa na jibu zuri.

Jibu la China lilichelewa. Liu Shaoqi, aliyesema mbele ya viongozi wenzake mwaka 1962 kwamba maafa yale yalikuwa na mkono wa binadamu kuliko wa hali ya hewa, alifia kizuizini mwaka 1969. Peng Dehuai naye akafa mwaka 1974 bila kusafishwa jina. Alisafishwa Desemba 1978, mwaka uleule ambao wakulima 18 wa Xiaogang, mkoa wa Anhui, walitia saini kwa siri makubaliano ya kugawana shamba la pamoja kila kaya ilime kivyake. Komuni zikavunjwa miaka michache baadaye, mavuno yakapanda, na mwaka 1996 chuma cha pua cha China kikavuka tani milioni 100. Sehemu kubwa ilitoka katika viwanda ambavyo bado vilikuwa vya serikali.